Goti Limeumia: Lini Kusubiri, Lini Kwenda Hospitali

Karibu kila mtaa wenye uwanja wa mchangani una kijana aliyekuwa akicheza vizuri sana mpaka alipoumia goti. Ukiulizia habari zake utaambiwa maneno yanayofanana: alikuwa akikimbia peke yake, hakuguswa na mtu, akageuka ghafla kumfuata winga, mguu ukaganda chini na mwili ukaenda upande mwingine. Waliokuwa karibu walisikia kitu kimealika. Akatolewa nje, akachuliwa, akafungwa bendeji. Baada ya wiki tatu goti lilikuwa haliumi tena, akarudi uwanjani, na siku hiyo ndipo likaharibika kabisa.

Kosa la kijana huyo ni kosa la watu wengi. Aliyapima maumivu badala ya kulipima goti. Kano ya ndani ya goti ikikatika huuma vibaya sana kwa dakika kadhaa, kisha maumivu hupungua, na uvimbe nao hushuka taratibu kwa siku au wiki chache. Mgonjwa hutembea, hupanda daladala, huenda kazini. Kilichokatika bado kimekatika. Kila goti linapokwenda pembeni bila kutegemewa, hukata au husaga kitu kingine ambacho mwanzoni kilikuwa kizima. Ndiyo maana anayetaka kujua kama asubiri au aende hospitali anapaswa kuuliza maswali mengine kabla ya lile la "linauma kiasi gani?"

Kwanza ifahamike kilichomo humo ndani. Mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na mbele yao hukaa pia ya goti. Mifupa hiyo haikushikana kwa umbo lake. Imefungwa na kano. Mbili ziko pembeni, moja ndani na moja nje, huzuia goti lisilale kushoto wala kulia. Nyingine mbili zimepishana katikati kwa mfano wa msalaba. Ile ya mbele, ambayo kurasa za michezo huiandika ACL, huzuia muundi usichomoke kwenda mbele na goti lisizunguke kupita kiasi. Kati ya mifupa kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vinavyopokea uzito kila mtu anapokanyaga. Vipande hivyo huitwa menisko, na sehemu yake kubwa haifikiwi na damu, kwa hiyo ikichanika ni vigumu kujiunga yenyewe.

Sasa saa za mwanzo. Daktari wa mifupa anayeijua kazi yake huanza kwa kusikiliza kabla hajagusa, na anachotaka kusikia ni mambo machache. Goti lilialika? Mguu ulikuwa umekanyaga au ulikuwa hewani? Aliweza kusimama na kuendelea, au alibebwa? Kubwa kuliko yote: lilivimba baada ya muda gani?

Muda wa uvimbe una maana kubwa. Goti likijaa ndani ya saa moja au mbili, kwa kawaida ni damu inayoingia kwenye kiungo, na damu haimwagiki humo bila kitu cha maana kuumia: ACL, mfupa uliopasuka, au pia ya goti iliyochomoka na kurudi. Likianza kuvimba usiku au kesho yake, mara nyingi ni maji ya goti lenyewe yaliyoongezeka kwa kuwashwa na jeraha, kama menisko iliyochanika au kano iliyovutika. Kanuni hii ina mianya yake, lakini inatosha kumfanya mtu mwenye goti lililojaa kabla mechi haijaisha asilale nyumbani wiki nzima akisubiri. Aliyeona uvimbe ukianza ausome muda kwenye simu na auandike. Siku tatu baadaye, mbele ya tabibu, kumbukumbu huwa imeshachanganyika na simulizi za wenzake.

Kipimo cha mkono nacho ni cha kushangaza kwa urahisi wake. Mgonjwa hulala chali, goti likakunjwa kidogo tu, kiasi cha nyuzi 20 au 30. Mpimaji hulishika paja kwa mkono mmoja likatulia, mkono wa pili hushika muundi chini kidogo ya goti na kuuvuta mbele. Kwenye goti zima, muundi husogea kidogo kisha hugota, na mgoto huo husikika mkononi. Kwenye goti lililokatika ACL, muundi huja tu, bila kugota. Kisha mpimaji hurudia kwenye goti la pili, kwa sababu wapo waliozaliwa na viungo vilegevu na goti zima ndilo kipimo cha haki. Shida ni kwamba siku ya kwanza misuli hukaza kwa maumivu na kuficha ulegevu. Aliyepimwa goti likiwa limevimba arudi kupimwa tena baada ya siku 7 hadi 10, hata kama siku ya kwanza aliambiwa hakuna tatizo.

Hapa pana jambo linalowapotosha wengi: picha ya eksirei. Mgonjwa hupigwa picha, anaambiwa "mfupa uko salama", naye hutoka akiamini goti liko salama. Eksirei huonyesha mifupa. Kano haionekani humo, wala menisko. Picha safi inajibu swali moja tu, kama kuna mfupa uliovunjika, na maswali mengine yote yanabaki palepale. Kipimo cha MRI ndicho kinachoona nyama laini za ndani. Kina gharama na hakipo kila mkoa, lakini uchunguzi mzuri wa mikono hutangulia na mara nyingi hueleza kama kuna haja ya kwenda kukifuata.

Nani basi apigwe eksirei? Mwaka 1995 watafiti wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na daktari Ian Stiell, walitoa kanuni fupi inayotumika hadi leo kwa watu wazima. Picha inahitajika iwapo aliyeumia ana miaka 55 au zaidi; au akibonyezwa juu ya pia ya goti anaumia hapo tu; au anaumia kwenye kinundu cha mfupa mwembamba kilicho upande wa nje, chini kidogo ya goti; au hawezi kukunja goti hadi nyuzi 90; au hakuweza kutembea hatua nne pale alipoumia na hawezi pia anapochunguzwa. Kuchechemea kunahesabika kuwa ni kutembea. Nesi wa zahanati anaweza kuitumia kanuni hii bila kifaa chochote, na hata nyumbani inampa mtu mwanga: asiyeweza kwenda hatua nne ana sababu tosha ya kutafuta usafiri leo.

Kuna jeraha lingine ambalo kipimo chake mtu anaweza kujifanyia mwenyewe kitandani. Aprili 12, 2000, jijini Roma, Ronaldo wa Brazil aliingia akitokea benchi katika mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Italia, Lazio dhidi ya Inter Milan. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi baada ya miezi kadhaa ya kuuguza goti la kulia. Hata dakika kumi hazikutimia. Alikuwa anamchezea beki kwa miguu, hakuna aliyemgusa, akaanguka akipiga kelele na kulishika goti lilelile. Kano inayounganisha pia ya goti na muundi ilikuwa imekatika. Aliukosa msimu mzima uliofuata, kisha mwaka 2002 akafunga mabao 8 kwenye Kombe la Dunia na Brazil ikalitwaa. Kano hiyo, au ile iliyo juu ya pia, ikikatika mtu hawezi kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka. Anaulaza, anajaribu kuuinua, kisigino hakitoki kitandani. Asiyeweza kufanya hivyo baada ya kuanguka asingoje uvimbe upungue, kwani upasuaji wa jeraha hili hufaa ndani ya wiki chache za mwanzo. Ukichelewa, msuli wa paja huivuta pia juu na kazi huwa ngumu zaidi.

Goti lililokwama pia halingoji. Mtu anataka kunyoosha mguu, unafika nusu na kugoma, kama mlango uliobanwa na kokoto kwa chini. Mara nyingi ni kipande cha menisko kilichochanika na kupinduka katikati ya mifupa. Wapo watakaojitolea kulivuta kwa nguvu "lirudi". Wasiruhusiwe. Kipande hicho mara nyingine kinaweza kushonwa kikabaki, hasa kwa kijana, na kila wiki ya kutembelea goti lililokwama inapunguza nafasi hiyo.

Yapo mambo machache ambayo si ya kesho asubuhi bali ya saa hii hii, na pikipiki inahusika sana humo. Abiria wa bodaboda akigongwa, au dereva wa gari goti lake likipiga dashibodi, mifupa miwili inaweza kuachana kabisa. Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mguu wote wa chini, na goti likiachana mshipa huo unaweza kuchanika. La hatari zaidi ni kwamba goti lililoachana linaweza kurudi lenyewe kabla majeruhi hajafika hospitali, likaonekana limevimba tu. Kwa hiyo wanaomhudumia waangalie unyayo. Je, ni wa baridi kuliko mwenzake? Umepauka? Vidole vina ganzi, au havijiinui? Mapigo ya damu juu ya unyayo yapo? Dalili moja tu kati ya hizo inatosha kumkimbiza hospitali kubwa yenye uwezo wa upasuaji, kwa sababu mguu uliokosa damu kwa saa 6 hadi 8 uko katika hatari kubwa ya kukatwa. Na hata dalili hizo zisipoonekana, goti lililogongwa kwa nguvu na sasa linayumba kila upande linahitaji daktari siku hiyohiyo. Majeruhi afungwe banzi mguu ukiwa katika hali uliyokutwa nayo. Asipandishwe tena pikipiki akiwa ameuning'iniza.

Dharura nyingine haina ajali yoyote. Goti jekundu, la moto, lililovimba, pamoja na homa, na mgonjwa hataki liguswe wala kusogezwa hata kidogo: hiyo huenda ni bakteria ndani ya kiungo, nao wanaweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache. Watoto wadogo hupatwa zaidi, na watoto wenye selimundu, wazee, wenye kisukari na waliochomwa sindano kwenye goti wana hatari yao. Mtoto aliyekuwa akitembea jana na leo amegoma kukanyaga, huku ana homa, hapelekwi kukandwa. Anapelekwa hospitali, maji ya goti yavutwe yapimwe kabla dawa ya kiuavijasumu haijaanza.

Kwa watoto kuna mambo mawili zaidi ambayo wazazi wanastahili kuyajua, maana hupotea kwenye vurugu za michezo. La kwanza, maumivu ya goti kwa mtoto yanaweza kuwa yanatoka kwenye nyonga. Anashika goti, anachechemea, goti halina uvimbe wala jeraha, kumbe kichwa cha mfupa wa paja kinateleza kule juu. Anayemchunguza mtoto wa namna hii bila kuizungusha nyonga hajamaliza kazi. La pili ni zito. Saratani ya mfupa inayowapata vijana wa umri wa balehe hupenda kuanzia karibu na goti. Kwa kuwa vijana huanguka kila siku, uvimbe husingiziwa mpira. Tofauti yake ni kwamba jeraha la mpira huelekea kupungua wiki hadi wiki, wakati uvimbe huu huongezeka, huuma usiku mtoto akiwa amelala, na hausikii dawa. Inasikitisha kuona mtoto amechuliwa miezi minne ndipo akapelekwa kupigwa picha. Uvimbe wa goti uliozidi wiki mbili au tatu bila kupungua kwa mtoto au kijana upigwe eksirei, hata kama kila mtu anakumbuka siku aliyoanguka.

Tukirudi kwenye majeraha ya kawaida, ambayo ndiyo mengi, huduma ya siku mbili tatu za mwanzo inafanyika nyumbani. Aache mchezo palepale. Barafu, ile inayouzwa madukani kwenye mifuko inafaa kabisa, ifungwe kwenye kitambaa na kuwekwa dakika 15 hadi 20, kisha irudiwe baada ya saa mbili au tatu. Bendeji ya kuvutika ifungwe kwa kiasi. Vidole vikianza kufa ganzi ilegezwe. Mguu uinuliwe juu ya mito ukiwa juu kuliko kifua. Akitembea, atumie gongo.

Na kuchua? Wakandaji wanaheshimika, na wapo wanaoleta nafuu ya kweli kwa mgongo na misuli iliyokaza. Lakini goti lililojaa damu likisuguliwa kwa nguvu siku ya kwanza huvuja zaidi. Likikandwa kwa maji ya moto huvimba zaidi. Likivutwa wakati mfupa umepasuka, ufa mdogo unaweza kuwa mvunjiko kamili. Mwenye mapenzi na mkandaji wake asubiri angalau siku tatu, na awe na uhakika kwamba mfupa haujavunjika. Fundi mwenye busara atakubali kungoja.

Dawa za maumivu zina mkasa wake. Diklofenaki hununuliwa dukani kama pipi, na sindano yake imekuwa mazoea. Kwa kijana mwenye afya, siku chache hazina tatizo kubwa, lakini kwa mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au figo dhaifu ni hatari, na mama mjamzito asiiguse bila daktari. Parasetamo itangulie. Anayehitaji diklofenaki ili aweze kucheza Jumamosi amekwisha kujibiwa na goti lake.

Baada ya wiki ya kwanza ndipo kazi yenyewe huanza, na ndipo wengi huacha. Msuli wa mbele ya paja husinyaa haraka goti linapoumia. Tofauti ya paja na paja huonekana kwa macho ndani ya wiki mbili. Zoezi la mwanzo halihitaji kituo cha mazoezi. Mgonjwa anakaa kitandani mguu umenyooka, anaweka taulo iliyokunjwa chini ya goti, anaisukuma chini kwa kulikaza paja, anahesabu hadi 5, analegeza, mara 10, kutwa mara tatu. Kisha hunyanyua mguu ukiwa umenyooka. Baadaye huja kuchuchumaa nusu, kupanda ngazi, kusimama kwa mguu mmoja. Mtaalamu wa fiziotherapia hupanga mfuatano huo na kuurekebisha, na hata kumwona mara moja kwa mwezi ni bora kuliko kutomwona kabisa.

Wengi huamini ACL iliyokatika lazima ifanyiwe upasuaji. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya watu 121, vijana wanaopenda michezo, waliogawanywa makundi mawili: kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema, jingine lilianza na mazoezi, na upasuaji ukawa wa yule ambaye goti lake lingeendelea kuyumba. Baada ya miaka miwili hali ya makundi hayo haikutofautiana, na katika kundi la mazoezi zaidi ya nusu walikuwa hawajahitaji kisu. Kwa fundi, mwalimu au mkulima ambaye hachezi mpira, hiyo ni habari njema. Kwa anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kugeuka na kuruka, au ambaye goti humkatikia anapotembea njia ya kawaida, upasuaji huwa na nafasi yake. Hospitali zinazoufanya zipo: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, hutengeneza kano kwa matundu madogo. Hata baada ya upasuaji, kurudi mchezoni kabla ya miezi 9 huongeza sana uwezekano wa kujitonesha. Kocha anayemwita mchezaji mwezi wa tano anamwita kuumia tena.

Kwa wasichana suala hili lina uzito wa pekee, sasa kwa kuwa soka lao limeshika kasi Tanzania na Kenya. Wachezaji wa kike hukatika ACL kwa kiwango cha angalau mara mbili ya wanaume katika michezo ileile. Msimu wa 2022/23 timu ya wanawake ya Arsenal iliwapoteza Beth Mead, Vivianne Miedema, Leah Williamson na Laura Wienroither, wote kwa jeraha hilohilo. Kinga ipo na ni ya bure: programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+, dakika 20, inayofundisha kutua goti likiwa limekunjwa na halijaingia ndani. Ilipojaribiwa Norwei kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa miaka 13 hadi 17, majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja. Haihitaji chochote zaidi ya mpira, alama chache za kuwekea uwanjani na kocha aliyekubali kuanza mazoezi mapema kidogo.

Wazee nao wana goti lao. Mama wa miaka 60 anayesema ute umeisha kwa kawaida hajaumia. Gegedu imelika pole pole. Msaada wake mkubwa ni paja lenye nguvu na uzito uliopungua, kwani kila kilo moja inayotoka mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Asikimbilie upasuaji wa kusafisha goti: mwaka 2013 madaktari wa Finland walilinganisha upasuaji wa menisko iliyochakaa na upasuaji wa kuigiza, wagonjwa 146, na baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti. Goti likivimba ghafla usiku mmoja bila kuumia, jongo nalo lipimwe.

Anayekwenda kuonana na tabibu avae kaptura au nguo inayopanda kwa urahisi, ili magoti yote mawili yaonekane na kulinganishwa. Aseme siku, saa, mlio, muda wa uvimbe, na kama goti humkatikia au hukwama. Aulize jina la kinachodhaniwa kuumia, mazoezi gani aanze, na tarehe ya kurudi. Akiwa amefungwa plasta au amelala sana nyumbani, kigimbi kikivimba na kuuma, au akakosa pumzi na kubanwa kifua, asingoje tarehe hiyo, kwa sababu damu huenda imeganda kwenye mshipa wa mguu na kipande kimeanza kusafiri kwenda mapafuni.